Sema kwa Mdomo: Kumbukumbu ya Itulu Aarluk wa Nuvutaaq

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Mimi ni Tapisa, na hii ni redio yenu ya Nuvutaaq. Leo hakuna bingo. Najua mmeshanunua kadi, najua chai imeshachemka na kalamu mmezipanga mezani. Kadi ziwekeni kabatini, haziozi. Leo tunamkumbuka mbunge wetu, Itulu Aarluk, aliyefariki Jumanne asubuhi hapa hapa kijijini, katika nyumba ya wazee iliyo nyuma ya kanisa. Narudia kwa wale wanaoingia ndani sasa hivi wakikung'uta theluji kwenye viatu: Itulu Aarluk amefariki. Amefia nyumbani. Hilo la kufia nyumbani ndilo nataka tulizungumze, maana lilimgharimu machozi mengi, yake na ya wengine.

Mimi Itulu alikuwa akiniita shangazi. Msicheke. Alinizidi umri kwa mbali, lakini nimebeba jina la shangazi yake, na aliyebeba jina ndiye mwenyewe. Nami nilimwita mwanangu. Kila akipiga simu hapa studio alianza hivi: "Shangazi, umekula?" Namwambia, "Mwanangu, niko hewani, acha mambo ya kula." Kijiji kizima kinasikia. Hatukuwa na siri, mimi na yeye.

Alizaliwa kambini, upande wa pili wa ghuba, kabla watu hawajahamia kwenye nyumba za mbao. Mama yake alichukuliwa na meli ya hospitali kwa sababu ya kifua kikuu. Meli ikaenda Kusini, mama hakurudi, na kaburi lake hatulijui mpaka leo. Itulu alikuwa bado mchanga. Aliyemlea ni dada yake mkubwa, Uviluq. Na huyo Uviluq mwenyewe alikuwa msichana tu, lakini alimbeba mdogo wake mgongoni, ndani ya kofia kubwa ya koti la mama yao. Akapika, akashona, akachuna sili. Itulu alizoea kusema, "Wenzangu walikuwa na mama. Mimi nilikuwa na Uviluq, na sikuona pengo." Lishikeni jina hilo, wasikilizaji wapendwa. Uviluq, dada mkubwa wa Itulu. Habari yote ya leo inamzunguka yeye.

Alipokuwa mtu mzima, Itulu aliendesha boza la maji. Wengi wenu mnamkumbuka kwenye boza kuliko bungeni. Anafika, anaunganisha mpira, anajaza tangi, na wakati maji yanaingia anasimama mlangoni anaongea. Ukimkaribisha ndani, anaingia. Usipomkaribisha, anaingia vilevile. Watu wakazoea kumwambia shida zao. Paa linavuja. Taa za kiwanja cha ndege zimezimika. Friza ya kijiji imeharibika na nyama ya nyangumi inaanza kunuka. Akawa anazipeleka shida hizo ofisini, na ofisini wakamwambia hizo ni za bungeni, kamuone mbunge. Mbunge wa wakati ule alikuwa hapatikani. Basi Itulu akasema, kama ni hivyo, mbunge nitakuwa mimi.

Kampeni yake aliifanya hapa, kwenye kiti hiki cha mbele yangu ambacho leo kiko kitupu. Mpinzani wake aliongea mpaka tukachelewa kutangaza hali ya hewa. Zamu ya Itulu ilipofika, akavuta kipaza sauti akasema, "Mkinipigia kura, nitasema mliyoniambia jikoni kwenu. Msiponipigia, maji mtaletewa vilevile." Akanyanyuka. Nikamwambia, "Mwanangu, bado una muda." Akaniambia, "Shangazi, nina nyumba tatu hazina maji." Akashinda kwa kura nyingi.

Kule bungeni alivaa kizibao cha ngozi ya sili alichoshonewa na Uviluq, na alisema mambo yetu, si mambo ya kujionyesha. Kwetu hakuna vyama. Kila mbunge anasimama na kijiji chake mgongoni, na mawaziri wanachaguliwa na wabunge wenzao. Mara mbili walitaka kumfanya waziri, akakataa. Alisema waziri hujibu maswali, na yeye kazi aliyotumwa ni kuuliza. Mke wake, Siila, ameniambia, "Mimi nilikuwa nataka awe waziri, nisikudanganye. Nilikuwa nimeshachagua na pazia." Pole, Siila. Mapazia yako ya zamani ni mazuri.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Uviluq alipozeeka, akili ilianza kumtoka. Mwanzoni ilikuwa kuweka birika kwenye kabati la nguo. Baadaye akawa anatoka nje kwenye dhoruba kuwatafuta mbwa, na mbwa wenyewe ni wale wa baba yake, waliokufa zamani. Siku moja vijana waliokuwa wakitoka kuwinda walimkuta katikati ya bahari iliyoganda, amevaa soksi, anapiga mluzi. Wakampakia kwenye pikipiki ya theluji wakamleta. Vidole viwili vya mguu vilikatwa. Zahanati ikasema hawezi tena kukaa na familia, anahitaji nyumba ya wazee yenye wahudumu. Na nyumba kama hiyo hapa kwetu haikuwepo. Iliyokuwepo iko Ottawa, kule Kusini, kwa ndege mbili na lugha isiyokuwa yetu.

Uviluq akakataa. Alikuwa anasahau mengi, lakini Kusini hakuisahau. Alisema, "Kusini ndiko walikompeleka mama. Mimi siendi."

Itulu akasimama bungeni. Sauti ile wengi mliisikia, tuliirusha hapa. Akasema, "Mheshimiwa Spika, wazee wetu wanaondoka wamekaa kwenye kiti, wanarudi wamelala kwenye sanduku. Ndege ni ile ile, rubani ni yule yule. Naomba waziri wa afya aniambie: je, atajenga nyumba ya wazee Nuvutaaq, ili wazee wafie wanapojulikana majina yao?"

Waziri wa afya wakati huo alikuwa Joanasi Kappiaq. Ni mtu wetu, Mwinuiti kama sisi, amelelewa kwa nyama ya sili kama sisi. Alimtazama Itulu. Kisha akainua nyusi.

Nyinyi mnajua maana yake. Nasema kwa ajili ya mwalimu mpya na mafundi wa umeme waliokuja juzi: sisi tukikubali tunainua nyusi, tukikataa tunakunja pua. Ndiyo ni nyusi, hapana ni pua. Mtoto analijua hilo kabla hajajua kutembea. Na nyusi za mtu mzima ni neno lake. Baba akiinua nyusi umemwomba bunduki, bunduki umepata, huulizi tena. Kuuliza tena ni kumtukana, ni kama unamwambia sikuamini.

Kwa hiyo Itulu hakuuliza tena. Alishukuru, akakaa. Spika akaita swali linalofuata.

Jioni ile akampigia simu dada yake. Siila alikuwa amekaa pembeni, na hivi ndivyo anavyokumbuka. Itulu alimwambia, "Dada, amekubali. Nyumba itajengwa hapa. Wewe nenda kwa muda tu, wakimaliza kujenga nakuja kukuchukua mwenyewe." Uviluq akauliza, "Waziri mwenyewe ndiye amekubali?" Itulu akajibu, "Mwenyewe. Nimemuona kwa macho yangu." Na Uviluq, ambaye alikuwa amekataa kwa daktari, kwa mchungaji na kwa kijiji kizima, akafunga mzigo wake kwa sababu ya neno la mdogo wake. Ndege ilipoondoka alikuwa dirishani amevaa kilemba chake chekundu. Wengine wenu mlikuwepo pale, mlimpungia mkono.

Wasikilizaji wapendwa, mnakumbuka simu zake? Kila Jumamosi Uviluq alipiga simu hapa kutoka Ottawa. Sijui nani alimfundisha kubonyeza ile namba, lakini aliibonyeza. Alikuwa anauliza yale yale. "Tapisa, bahari imeshaganda?" Namwambia imeganda, au bado, au barafu inaanza kupasuka mdomoni mwa mto. "Nani ameua nyangumi mwaka huu?" Namwambia. Anasema, "Hapa wananipa viazi. Viazi asubuhi, viazi jioni. Hakuna anayeongea. Wanaongea, lakini hakuna anayeongea." Halafu la mwisho, kila mara, kabla ya kukata: "Itulu amesema nyumba imefika wapi?" Nami nilikuwa namwambia, "Wanakuja kuweka nguzo." Nilisema hivyo kwa sababu sote tuliamini hivyo.

Bajeti ikaja, na ndani yake hamna nyumba ya Nuvutaaq. Itulu akadhani wamesahau. Akasimama akasema kwa upole kabisa, "Mheshimiwa Spika, nafikiri kuna ukurasa umeanguka njiani. Waziri alikubali." Joanasi akasimama, akaangalia karatasi zake, hakumuangalia Itulu. Akasema, "Mheshimiwa Spika, namuomba mheshimiwa mbunge anionyeshe kwenye Hansadi ni wapi niliposema hivyo."

Hansadi huandika yaliyosemwa. Wakalimani kwenye kile kibanda chao cha vioo hutafsiri yaliyosemwa. Nyusi hakuna anayeziandika. Bunge zima lilikuwa limeziona. Spika mwenyewe alikuwa ameziona. Itulu akageuka huku na huku kuwatazama wenzake, na wenzake wakaangalia viatu vyao. Spika akasema, kwa masikitiko, kwamba kumbukumbu za bunge hazionyeshi ahadi yoyote. Na kweli, hazionyeshi. Pale zilipo nyusi pameandikwa tu kwamba mbunge wa Nuvutaaq alishukuru.

Nilikasirika, nawaambieni. Mpaka leo nikiisikia ile kanda nakasirika. Uongo haukusemwa, maana hakikusemwa kitu, na hapo ndipo penye uchungu.

Uviluq alifia Ottawa majira ya kuchipua, barafu ilipokuwa inapasuka. Alirudi kwenye sanduku. Ndege ile ile, rubani yule yule. Itulu alikuwa uwanjani tangu alfajiri ingawa ndege ni ya mchana. Walipomteremsha, alisaidia kubeba, kisha akakaa kwenye theluji karibu na gurudumu la ndege na hakutaka kunyanyuka. Siila akamshika bega. Akamwambia mkewe, "Nilimdanganya mtu aliyenibeba mgongoni."

Wiki ile ile alikuja hapa studio. Hakuuliza kama nimekula. Aliomba kipaza sauti akasema, na nyote mlisikia: "Mimi Itulu Aarluk nilimwambia dada yangu atarudi. Niliona nyusi nikadhani nimeona nyumba. Kule tunakokwenda kuwasemea, macho hayatoshi. Kuanzia leo, atakayenijibu, anijibu kwa mdomo." Akavua vipokea sauti akaviweka taratibu mezani, akaondoka.

Na kweli alishika neno lake mpaka likawa kero. Bungeni, waziri yeyote akiinua nyusi, Itulu anasimama: "Mheshimiwa Spika, naomba waziri aseme kwa mdomo." Akitikisa kichwa: "Kwa mdomo, Mheshimiwa." Wakalimani wakawa wanacheka ndani ya kioo. Watoto wa hapa wakaigeuza mchezo. Ukimuuliza mtoto kama amenawa mikono anainua nyusi, na wenzake wote wanaimba, "Kwa mdomo, Mheshimiwa!" Nyumbani ndiyo usiseme. Siila anasimulia: "Miaka yote ya ndoa nimemjibu kwa nyusi, na yeye kwa nyusi, tukaelewana tukazaa watoto wanne. Ghafla ananiuliza kama kuna chai, nainua nyusi, ananiambia, Siila, sema kwa mdomo. Nikasema kwa mdomo. Nikamwambia, chai kapike mwenyewe."

Majira hayo hayo ya kuchipua binti yao, Miali, alijifungua mtoto wa kike. Hamkuhitaji kuuliza ataitwa nani. Wakamwita Uviluq. Miali ananiambia, "Baba alikuwa hajatabasamu tangu uwanja wa ndege. Nikamuwekea mtoto mikononi. Akamtazama muda mrefu, akamwambia, Dada, umepita njia gani ya kurudi?" Na tangu siku ile akamwita dada. Mtoto alipoanza kuongea, akamwita Itulu mdogo wangu. Mmewaona dukani: mzee mwenye mvi anashikwa mkono na kitoto kinachomfika magotini, kitoto kinasema, "Mdogo wangu, twende, usichezee milango."

Alijaribu kwa barua, alijaribu kwa mikutano, hakuna lililotoka. Mwisho akafanya kazi aliyoizoea, ile ya boza. Akaenda mlango kwa mlango. Nawakumbusha, kwetu hakuna vyama, na wabunge wa kawaida ni wengi kuliko mawaziri. Wakikataa kwa pamoja, bajeti haipiti. Itulu akawaendea wabunge mmoja mmoja, vyumbani kwao, anakaa, anakunywa chai yao, anauliza, "Kijijini kwako wazee wako wapi?" Kila mmoja alikuwa na wake Kusini. Mmoja mama, mmoja mjomba, mmoja mwalimu wake wa kuwinda. Kisha anauliza, "Utasimama na mimi?" Wakiinua nyusi, hatoki. Amekaa tu, kikombe mkononi, mpaka mtu aseme.

Siku ya bajeti ya afya ilipofika, wabunge wa kawaida walikataa kuipitisha. Walikaa na mikono mapajani. Siku ya pili ya mkwamo huo Joanasi Kappiaq akasimama. Sauti ile pia tuliirusha. Itulu aliuliza swali lile lile, bila kubadilisha neno: je, waziri atajenga nyumba ya wazee Nuvutaaq? Kimya. Kisha sauti ya Itulu, taratibu: "Naona nyusi za waziri. Naomba mdomo wake."

Joanasi akasema, "Ndiyo. Itajengwa." Watu wakaanza kupiga makofi. Yeye akainua mkono wanyamaze. Akasema, "Mheshimiwa Spika, siku ile pia nilikubali. Nilitoka humu nikaenda kwa wenzangu mawaziri, wakanikatalia, na sikuwa na moyo wa kurudi kumwambia. Nikajificha nyuma ya Hansadi. Sasa na iandikwe." Ikaandikwa. Itulu hakupiga makofi. Aliinamisha kichwa, akafuta macho kwa pindo la kizibao kile cha Uviluq.

Nguzo zikaja kwa meli ya kiangazi. Itulu alikuwa akienda kila siku kuwasumbua mafundi. Waulizeni, watawaambia. Alitaka madirisha yatazame bahari, ili mzee aone mwenyewe kama imeganda, asilazimike kupiga simu redioni.

Halafu akapata kiharusi. Alianguka jikoni kwake kabla nyumba haijapauliwa. Ndege ya wagonjwa ikambeba kwenda Ottawa. Akapona kiasi, akawa anaelewa kila kitu, lakini upande wa kulia ukalala, na sauti ikaondoka. Huyo ndiye Itulu, wasikilizaji wapendwa. Mtu aliyewafundisha mawaziri kusema kwa mdomo akabakiwa na nyusi na pua.

Miali ndiye aliyekuwa naye kule. Nimemuomba anisimulie, naye amenisimulia akiwa anacheka na kulia. Hospitali ilimaliza kazi yake, wakataka kumhamishia nyumba ya wazee ya Ottawa, ile ile aliyofia dada yake. Akaja muuguzi, binti mpole wa kule kule. Akamuuliza Itulu kama anaafiki kuhamia huko. Itulu akakunja pua. Muuguzi akauliza tena. Itulu akakunja pua mpaka mashavu yakapanda. Yule binti akasema, "Pole, baba, kuna harufu?" Akaenda kufungua dirisha. Akarudi, akauliza mara ya tatu, akaona pua inakunjwa, akachukua mfuko wa takataka akautoa nje. Kisha akaandika kwamba mgonjwa hana pingamizi.

Miali alikuwa ameenda kununua chai. Aliporudi akakuta wanaandaa kiti cha magurudumu. Akamtazama baba yake usoni mara moja tu. Akamwambia yule binti, "Dada, baba yangu amekukatalia." Muuguzi akasema, "Hajasema kitu." Miali akasema, "Najua. Hajasema kitu kwenye masikio yako. Mimi ni mdomo wake. Andika hapana." Binti wa watu aliona aibu, akamshika Itulu mkono, akaomba radhi, akafuta akaandika upya. Hakuwa na nia mbaya. Lakini nawauliza, Uviluq alikunja pua mara ngapi mle ndani, akafunguliwa dirisha?

Itulu akarudi. Alirudi amekaa kwenye kiti, na rubani alikuwa yule yule. Nilikuwepo uwanjani. Rubani aliteremka akamsukuma mwenyewe mpaka kwenye gari.

Alikaa kwa Miali mpaka nyumba ilipokamilika. Siku ya kufungua, mnaikumbuka, kulikuwa na upepo wa kukata masikio na kijiji kizima kilikuwa nje. Mkate wa kukaanga, samaki mbichi aliyeganda, maktaaq, ile ngozi ya nyangumi na mafuta yake, imekatwa kwenye makaratasi sakafuni. Wakubwa wa serikali wakahutubia. Itulu alikuwa mbele kwenye kiti chake, amevaa kizibao. Utepe walitaka aukate yeye. Akakunja pua. Akaelekeza kidevu kwa mjukuu wake, Uviluq. Mtoto akakata utepe, akafungua mlango, akaingia ndani peke yake. Tukabaki tunamsubiri kwenye baridi. Alizunguka vyumba vyote, tulimsikia akifungua na kufunga milango. Kisha akatokea mlangoni, akamtazama Itulu.

Akasema, "Mdogo wangu, nimefika. Ndiyo nyumba yenyewe hii?"

Itulu akainua nyusi.

Na yule mtoto akashika kiuno, kama alivyoona kila siku ya maisha yake, akasema, "Kwa mdomo, Mheshimiwa."

Watu wakacheka. Kisha wakaacha kucheka, maana Itulu alikuwa anajaribu. Midomo ilitetemeka, shingo ikakaza. Siila alitaka kumzuia, Miali akamshika mama yake mkono. Na ikatoka. Neno moja, fupi kuliko yote katika lugha yetu. "Ii." Ndiyo. Nilikuwa karibu, nililisikia kwa masikio yangu haya. Baada ya siku ile hakusema tena lolote. Alikaa katika nyumba ile, dirishani, majira ya baridi yote. Aliiona bahari ikiganda. Jumanne asubuhi akalala, mkono wake ukiwa mkononi mwa Siila, na mhudumu anamsemesha kwa Kiinuktitut, lugha yetu.

Joanasi Kappiaq amepiga simu leo asubuhi. Siku hizi amestaafu, yuko kijijini kwake. Nilipopokea alinyamaza tu, nasikia anapumua. Nikamwambia, "Joanasi, nyusi hazipiti kwenye waya." Akacheka kidogo, halafu akalia. Kisha akasema niwaambie familia ya Aarluk kwamba anaomba radhi. Nimewaambia. Amesema kwa mdomo, na sote ni mashahidi.

Kwako Siila, kwako Miali, kwako wewe mtoto Uviluq uliyepotewa na mdogo wako, pokeeni pole za kijiji kizima. Mungu amlaze pema. Mazishi ni kesho baada ya ibada ya mchana, na wenye pikipiki za theluji tunaomba mfike mapema kubeba wazee.

Nimebakiwa na jambo moja, na mwanangu Itulu angetaka nilimalize. Ile nyumba ina vyumba vimejaa wazee. Wahudumu ni wachache, wamechoka. Tumepata kuta na madirisha yanayotazama bahari, lakini ukuta haujui kuongea. Mle ndani kuna mzee sasa hivi amekaa na redio mapajani, ananisikiliza mimi kwa sababu hana mwingine wa kumsikiliza. Naye ni mama wa mtu anayenisikiliza pia.

Basi nauliza, kama alivyouliza yeye. Nani ataenda kukaa nao kesho, baada ya mazishi? Na kesho kutwa? Simu iko wazi, namba mnaijua. Najua mko jikoni huko, mmeinua nyusi wote. Siwaoni. Pigeni simu, mseme.